Maktaba Iliyofunga Mabano

Programu niliyoionea fahari kuliko zote nilizoandika maishani ilikuwa ndogo. Haikufika mistari elfu moja. Niliiandika kwa lugha ya C, lugha kongwe na kavu isiyomsamehe mzembe, na haikutegemea programu nyingine yoyote. Sisi wa kazi hii huita kitu kama hicho maktaba, ingawa hakina vitabu: ni fungu la amri ambazo programu nyingine huziazima zinapohitaji huduma fulani. Huduma ya maktaba yangu ilikuwa moja tu. Ilichukua taarifa zilizotawanyika ndani ya mashine, yaani jina, tarehe, kipimo, maelezo, ikazipanga katika maandishi ambayo mashine nyingine ingeweza kuyasoma bila kuuliza swali. Kila taarifa ilipewa kichwa chake, na kundi zima likafunguliwa kwa bano na kufungwa kwa bano. Bano likifunguliwa lisifungwe, mashine inayopokea huyakataa maandishi yote.

Nilikuwa nimevuka miaka arobaini na mitano, umri ambao mtu hudhani kwamba makosa ya kijinga ameyaachia vijana. Karakana yetu ilikuwa Kyebando, mtaa wa Kampala, katika chumba cha ghorofani juu ya duka la saruji na mabati. Tulikuwa wawili. Mshirika wangu, Muganda mwenye mikono mitulivu kama ya mtengeneza saa, aliunda visanduku vidogo vya umeme. Mimi niliandika programu iliyokaa ndani yake. Wateja wetu walikuwa hospitali ndogo za watu binafsi. Kisanduku kiliunganishwa na mashine ya kupimia damu katika maabara, kikapokea matokeo pamoja na maelezo ya mpimaji, kikayapeleka yote wodini, ambako daktari aliyasoma kwenye kioo cha kompyuta. Vifaa tulivyomudu vilikuwa na kumbukumbu finyu. Nafasi niliyotenga kwa tokeo la mgonjwa mmoja ilikuwa ya herufi mia tano na kumi na mbili, mabano na alama zote zikiwemo.

Mwandishi wa programu ya namna hiyo hukutana na swali ambalo hawezi kulikwepa: nafasi ikijaa kabla maneno hayajaisha, afanye nini? Ziko njia mbili. Anaweza kusimama pale pale, akayaacha maandishi wazi, akapiga kelele kwamba ameshindwa. Mashine ya upande wa pili itayakataa, na watu watatafuta kilichoharibika. Au anaweza kuiruka taarifa isiyoenea, akafunga mabano yote vizuri, akapeleka kilichobaki. Mimi nilichagua njia ya pili. Mwanzoni kila amri ilirudisha jibu la kueleza kama kazi imekamilika au la. Baadaye nikaliondoa jibu hilo, kwa sababu lilinichafulia mistari. Nikaandika juu ya ukurasa wa maelezo kwamba maktaba hii haitoi kamwe maandishi yaliyovunjika. Niliposoma sentensi hiyo nilijiona fundi.

Nimejiuliza mara nyingi nilikoipata tabia hiyo, na sikubali kusema kwamba niliipata vitabuni, kwani vitabu nilivyosoma vilionya kinyume chake. Mimi ni mjukuu wa wale askari Waislamu kutoka Sudani ambao wakoloni waliwaleta nchi hii na kuwaacha hapa. Mama yangu alikuwa msusi wa kawa, zile za rangi nyekundu na zambarau ambazo watu wetu hufunikia chakula, na kawa zake zilikuwa kubwa kuliko sinia. Mgeni alipokuja siku ya uhaba, chakula kidogo kilifunikwa kwa kawa kubwa, na sisi watoto tulijua kwamba tunatakiwa kusema tumeshakula. Tuliambiwa kwamba sitara ni nusu ya utu. Siwalaumu wazazi wetu. Waliishi katika mji uliowahi kuwageukia utawala ulipobadilika, na aliyeonyesha upungufu wake alijitia hatarini. Lakini mtu mzima hupaswa kujua tofauti kati ya kufunika njaa yako mwenyewe na kufunika jambo ambalo mwingine anahitaji kulijua ili aishi. Mimi sikuijua, na nilikuwa na ndevu zenye mvi.

Mshirika wangu aliijua. Nilipomwonyesha jinsi maktaba inavyofanya nafasi ikijaa, aliweka chini chuma chake cha kulehemu akatazama kioo kwa muda.

"Hajji," akasema. Ananiita hivyo ijapokuwa sijafika Makka; Kampala kila Mwislamu wa umri wangu ni Hajji. "Hii kitu yako inafunga mulango na watu ingine iko bado nje."

Nilimjibu kwamba mgeni mezani hana haja ya kujua nani amekosa nafasi.

"Na kama ule amebaki nje ni bwana halusi?"

Nilicheka, naye akacheka, akarudi kwenye kazi yake. Hakunisihi. Hata angenisihi, nisingemsikiliza, kwani nilimhesabu kuwa fundi wa nyaya na kujihesabu mimi kuwa msomi.

Hospitali ya tatu kununua visanduku vyetu ilikuwa juu ya kilima kimoja cha mji ambacho sitakitaja. Maabara yake ilisimamiwa na mwanamke Mkenya, aliyezaliwa upande wa magharibi wa nchi yao, Mkristo wa kanisani Jumapili na Jumatano, ambaye alikuwa amekaa Kampala zaidi ya miaka kumi. Wagonjwa walimwita musawo, kama wanavyomwita kila mtu wa hospitali. Mimi na yeye tulizungumza Kiswahili, kwa sababu Kiganda chake kilikuwa cha sokoni na Kiingereza chake alikitunza kwa ajili ya kazi. Alikuwa na desturi moja iliyowachosha wenzake: hakuandika maelezo kwa mkato. Mahali ambapo mpimaji mwingine angeandika "rudia", yeye aliandika sentensi tatu, akieleza ameona nini, anashuku nini, na wodi ifanye nini. Aliniambia kwamba alifunzwa kazi na mtawa mmoja mzee aliyekuwa akiwaambia kwamba mgonjwa huwa hayupo maabara, kwa hiyo maneno ndiyo yaendayo kukaa kitandani pake.

Siku ya kufunga kisanduku alibishana nami kuhusu daftari. Katika maabara ile palikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, ambamo kila tokeo liliandikwa kwa mkono. Nilimshauri mkuu wa hospitali kwamba daftari halihitajiki tena, kwani kazi ikiandikwa mara mbili hukosewa mara mbili. Musawo akasema, "Injinia, kitabu hakizimiki." Nikamjibu kwamba karatasi hupotea, mashine haisahau. Mkuu alikubaliana nami. Daftari lilipelekwa stoo, na hata simu ya wodi, ambayo maabara ilizoea kuipiga panapokuwa na jambo la dharura, ikahamishiwa mapokezi. Haya yote yalikuwa ushauri wangu, na yamo katika barua yenye sahihi yangu.

Miezi michache baadaye mkuu alinipigia simu akanitaka nifike na nakala ya tokeo moja, kama lilivyotumwa. Kumbukumbu za yote yaliyotumwa zilikuwa kwetu, nami nikalitoa karatasini bila kulisoma kwa makini. Nilipofika niliwakuta mkuu, daktari wa wodi, na musawo, ambaye alikuwa amekaa peke yake upande mmoja wa meza.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Bibi mmoja mzee, mwenye moyo dhaifu, alikuwa amelazwa kwa homa. Alitundikiwa dripu, na muuguzi akamtoa damu ya kupima kwenye mkono ule ule wenye dripu. Damu ya namna hiyo huchanganyika na maji, na kipimo huonyesha kwamba mgonjwa amepungukiwa damu hali hajapungukiwa. Musawo aliliona hilo. Aliandika katika sehemu ya maelezo, kwa Kiingereza, kwamba damu ile inaonekana kuchanganyika na maji ya dripu. Kwamba kiwango kisitumiwe. Kwamba wachukue nyingine kutoka mkono wa pili. Na kwamba mgonjwa asiongezewe damu kabla ya kipimo kipya. Ndivyo alivyosema yeye. Daktari akasema kwamba kwenye kioo hakuona maelezo yoyote, ila kiwango cha chini cha kutisha. Walimwongezea bibi chupa mbili. Moyo wake haukuweza kuubeba mzigo huo, mapafu yakajaa maji, na siku ya pili akafariki.

Mkuu alimwuliza musawo kwa nini hakupiga simu. Alijibu kwamba aliambiwa kisanduku kinatosha. Akaulizwa nakala ya maelezo yake iko wapi. Akasema kwamba kioo chake hujifuta akishatuma. Hapo mkuu alinigeukia mimi, akaichukua karatasi yangu, akaisoma mwenyewe kuanzia bano la kwanza hadi la mwisho. Palikuwa na jina, mtu wa karibu, tarehe, vipimo vyote. Maelezo hayakuwamo.

"Haya maandishi yamekatika mahali popote?" akaniuliza.

"Hayajakatika," nikasema. "Kila bano limefungwa."

Kila neno la jibu hilo lilikuwa kweli. Nimelichunguza tangu siku hiyo kama mtu anavyochunguza sarafu ya bandia, na sijapata ndani yake hata neno moja la uongo. Na kwa jibu hilo mwanamke mwaminifu alihukumiwa. Maana kama maandishi yangekuwa wazi, yamekatika katikati ya neno, mtoto wa shule angejua kwamba kuna kilichopotea. Ukamilifu wa maandishi ndio uliokuwa shahidi dhidi ya musawo. Musawo hakupandisha sauti. Aliniambia kwa Kiswahili, mbele ya wale wawili, "Injinia, mimi niliandika." Nilitazama karatasi. Mkuu akasema kwamba mashine haina sababu ya kumsingizia mtu.

Alisimamishwa kazi siku ile ile.

Nilirudi Kyebando nikamsimulia mshirika wangu kisa chote kwa namna ya mtu anayelalamikia uzembe wa siku hizi. Nilisema kwamba watu hawataki kuwajibika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kuhusu yule bibi jambo ambalo sikulitarajia: "Huyo jajja, majina yake ilikuwa lefu?"

Ndipo nilipoisoma karatasi. Majina yake yalikuwa matano, yakitanguliwa na cheo cha heshima cha mwanamke aliyekwenda Hija. Na mtu wake wa karibu, binti yake, naye alikuwa na majina matano. Niliwatambua mara moja kuwa watu wangu. Muganda akifika hospitali huandika majina mawili, basi. Sisi huandika jina, baba, babu, baba wa babu, na aliyemtangulia, kwa sababu wazee wetu waliulizwa mara nyingi mno wametoka wapi, kwenye madawati ya serikali na kwenye vizuizi vya askari, na walijifunza kwamba mlolongo wa mababa waliozaliwa hapa ndio jibu pekee lisilohitaji mabishano. Mama yangu alituandikisha hivyo hivyo. Na mimi, nilipoijaribu maktaba yangu, nilitumia wagonjwa wa kubuni wenye majina mawili mafupi ya kigeni, kama yale ya kwenye vitabu vya mafunzo. Sikuwakumbuka watu wangu mwenyewe hata kama mfano.

Umeme ulikatika jioni ile, ukarudi yapata saa tano asubuhi ya kesho yake. Niliingiza majina yale katika kisanduku cha majaribio, nikaingiza vipimo, kisha maelezo ya musawo kama alivyoyataja mezani. Nikatuma. Yakatoka maandishi safi, mabano yote yamefungwa, bila maelezo. Nikaandika neno moja tu, "rudia", nikatuma tena. Likapita. Niliijaribu mara nyingi, nikitumaini nini sijui. Kila mara mvivu alipita na mwangalifu alifutwa. Kadiri mtu alivyojali kueleza, ndivyo maktaba yangu ilivyomnyamazisha.

Mshirika wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Hakunikejeli, naye alikuwa na haki ya kunikejeli.

"Rudi leo, Hajji," akasema. "Usingoje."

Nilimweleza kwamba sitaweza kwenda na kosa bila dawa yake. Nilisema kwamba heshima ya kazi inataka mtu afike na ugonjwa mkono mmoja na tiba mkono wa pili. Ilisikika kama busara. Kwa kweli nilikuwa natafuta kawa. Nilitumia wiki tatu kuiandika upya sehemu ile, kuijaribu, kuiandikia maelezo marefu, na kila siku ya wiki hizo tatu nilikula chakula changu na kusali sala zangu, nikijua. Watu wetu husema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo nimeihubiri kwa wengine. Haisemi lolote kuhusu kifo kinachomwumbua mtu ambaye hakuficha chochote, na kumwacha mfichaji akichapisha ripoti.

Nilipokwenda hatimaye, mkuu wa hospitali alinipokea vizuri. Alisoma ripoti yangu yote, akauliza maswali mawili yenye akili, akanishukuru kwa tiba. Kisha akafunga faili. Nilimwambia kwamba musawo arudishwe kazini na aandikiwe barua ya kumsafisha. Akanieleza, kwa upole wa mtu anayemfundisha mwenzake adabu, kwamba nafasi ile imeshajazwa. Kwamba familia ya marehemu imepokea kadari ya Mungu. Na kwamba barua ninayoitaka ingelazimu hospitali ikiri jinsi damu ilivyotolewa kwenye mkono wenye dripu, na jinsi daktari alivyoongeza chupa mbili kwa mgonjwa wa moyo bila kupima mara ya pili. Maktaba yangu haikufanya hayo. Alikuwa sahihi, na usahihi wake ulimfaa. Aliniuliza ni nani mwingine niliyemweleza. Nikasema mshirika wangu. Akasema iishie hapo.

Kutoka pale nilikwenda mtaa wa Kansanga. Musawo alipanga chumba nyuma ya safu ya maduka kwenye barabara ya Ggaba, na nilielekezwa mpaka duka la jirani yake, ambako alikuwa akimsaidia kuuza. Nilimkuta akipima unga wa mahindi. Ilikuwa adhuhuri, na baa ya pembeni ilikuwa ikijaribu vipaza sauti vyake, kwa hiyo ilinilazimu kuungama kwa sauti ya juu, jambo ambalo si jepesi. Nilikuwa katikati ya sentensi ya kwanza alipoinua mkono.

"Subiri nimhudumie mama."

Nilisubiri. Mwanamke yule alichukua unga wake, akalalamika kwamba mizani ina njaa kuliko yeye, akaenda. Nikaanza upya. Nilimweleza juu ya nafasi, majina matano, na mabano. Alielewa upesi kuliko daktari yeyote niliyewahi kumweleza kazi yangu. Hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza swali moja.

"Ulijua lini?"

Nikamwambia: kesho yake baada ya kile kikao, saa tano asubuhi.

Alihesabu kwa vidole juu ya meza ya duka. Hospitali ilikuwa imepeleka mashtaka kwenye baraza la taaluma yake, kule kwao, ambako leseni yake ilitoka. Barua hiyo iliondoka katika wiki ya pili. "Kwa hiyo siku ulipojua," akasema, "hiyo barua ilikuwa haijaandikwa bado."

Nilikiri kwamba ndivyo.

"Sasa baraza limenisimamisha. Si Kampala peke yake. Nyumbani pia. Hata zahanati ya kijijini kwetu siwezi kushika sindano."

Nilikuwa nimekuja na barua tayari, iliyoandikwa kwa uangalifu, nikampa. Aliisoma amesimama. Ilieleza kwamba kulitokea hitilafu katika mfumo, iliyosababisha maelezo ya mpimaji kutofika wodini. Alipomaliza aliirudisha mezani.

"Hitilafu haina mikono, injinia. Hiyo maktaba iliandikwa na nani?"

"Mimi."

"Na aliyesema hakuna kilichokatika?"

"Mimi."

"Basi waambie."

Alinipa kalamu ya duka na karatasi kutoka daftari la mwenye duka, akarudi kwenye unga wake. Niliandika nimesimama kwenye kona ya meza, wateja wakinisogeza. Niliandika kwamba mimi nilichagua kufunga mabano; kwamba nilionywa nikacheka; kwamba niliondoa jibu la kosa kwa sababu ya urembo wa mistari; kwamba mimi ndiye niliyeshauri daftari liondolewe na simu ihamishwe; kwamba niliulizwa nikajibu kabla ya kuchunguza; na kwamba nilinyamaza wiki tatu baada ya kujua. Nilitia sahihi na majina yangu yote, mpaka la babu wa babu. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kifuani. Hakunishukuru, nami nilishukuru kwamba hakunishukuru.

Baraza lilijibu baada ya miezi miwili. Musawo alinisomea jibu kwa simu. Walisema kwamba ushuhuda wa mtu wa kompyuta wameupokea, lakini aliyeshtaki ni hospitali, na mashtaka hayafutwi mpaka hospitali yenyewe iandike, au familia ya marehemu ilete malalamiko yatakayofungua uchunguzi mpya.

Nilikwenda kwa familia. Binti wa marehemu, yule wa majina matano, alinipokea barazani kwa adabu zote za kwetu, akaniletea chai, akanisikiliza kama anavyosikilizwa mjomba. Nilipomaliza alifunika birika. Kisha akasema kwamba mama yao alikwishazikwa vizuri, watu wakala, dua ikasomwa, na kwamba wao si watu wa kwenda polisi Naguru wala mahakamani kutajwa-tajwa. "Mjomba, mama tumemsitiri," akasema. "Usitufukulie." Nilimwambia kwamba kuna mtu aliye hai anayeharibikiwa. Akauliza kama mtu huyo ni wa kwetu. Nikasema si wa kwetu. Akanimiminia chai tena. Sikumkemea, kwa kuwa kila neno alilosema nililijua tangu utotoni, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeligeuza kuwa programu.

Maktaba nimeibadilisha. Sasa nafasi ikijaa husimama, huacha bano wazi, na kioo cha wodi huwa chekundu mpaka mtu aende maabara kwa miguu. Wateja wawili walituacha, wakisema kwamba vifaa vyetu siku hizi vina kelele. Mshirika wangu aliwaaga bila huzuni. Sijamsikia akiitaja siku ile ya bwana harusi, na unyamavu wake huo naona ni ukarimu ambao sikuustahili.

Tangu hapo kila Jumatatu mimi huenda hospitalini kumwomba mkuu ile barua ya kumsafisha musawo. Hukaa kwenye benchi la nje ya ofisi yake pamoja na wauza dawa na watu wa bima. Kwanza alinipokea, baadaye akawa na kikao, baadaye karani wake akawa ananiambia hayupo hata kabla sijakaa. Mlinzi wa lango aliwahi kuniuliza kama nina mgonjwa humo ndani. Nikamwambia ninaye.

Jumatatu iliyopita mkuu alitoka mwenyewe. Alikuwa amechoka, na nilimhurumia kidogo. Aliniambia kwamba wameviondoa visanduku vyetu vyote, wameingia mkataba na kampuni nyingine, na kwa hiyo sina tena shughuli katika hospitali ile. Nilimjibu kwamba sikuja kwa ajili ya visanduku. Akasema, bila hasira, kwamba hataiandika ile barua mwaka huu wala mwaka ujao, kwa sababu kumsafisha mtu mmoja ambaye ameshaondoka ni kuwachafua watu ambao bado yuko nao kila asubuhi. Akaniomba nielewe. Nilielewa kabisa. Akaingia ndani.

Nilikaa kwenye benchi mpaka wakati wao wa chakula, kisha nikateremka kilima kwa miguu. Chini, karibu na kituo cha bodaboda, nilimpigia simu musawo. Bado yuko Kansanga, bado anapima unga. Nilimweleza kila kitu alichosema mkuu, kwa mpangilio, bila kupunguza. Nilisikia vipaza sauti vya ile baa, na mteja akiuliza kama maharage ni mapya. Alimjibu mteja kwanza.

"Jumatatu ijayo utaenda?" akaniuliza.

Nikasema nitakwenda.

"Basi nenda," akasema, na akakata.